Kaa Chini Kidogo

Yusta alikufa Jumamosi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, akiwa amesimama ndani ya mtaro wa maji, sepetu mkononi. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa naitazama. Nilikuwa Ukumbini, kilomita kumi na nane kutoka alipokuwa, mbele ya skrini inayoonyesha majibu ya seva, na mstari wa kijani ambao hupanda na kushuka mchana kutwa ulinyooka.

Gaitani Mbilinyi, mwenzangu wa zamu, alikuwa anamenya yai la kuchemsha.

"Skola, grafu yako imelala," alisema.

"Itaamka."

"Iamshe wewe, kabla Mzee Chaula hajapita akadhani tumelala wote watatu."

Nilicheka. Niliandika amri ya kuiuliza seva hali yake, na herufi hazikutokea kwenye skrini. Niliandika tena. Kwenye kona ya juu mashine ilikuwa inahesabu sekunde za kimya: kumi na tano, kumi na sita. Kicheko kiliishia hapo. Ilipofika thelathini Gaitani aliliweka yai mezani. Ilipofika arobaini aliinuka, kwa sababu arobaini ndiyo namba ambayo kila anayefanya kazi Ukumbini hufundishwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Sabini na moja. Kisha mstari ukarudi, ukapanda, ukashuka, ukaendelea kama siku zote. Nilichukua daftari la zamu nikaandika: saa 4:12, seva kuu, kimya cha sekunde 71, chanzo hakijajulikana. Nimerudi kuutazama mwandiko ule mara nyingi. Hautetemeki hata kidogo.

Simu zikaanza. Ya kwanza ilitoka zahanati ya bondeni. Ya pili ilikuwa ya mwalimu mkuu ambaye mpishi wake ameanguka jikoni. Ya tano ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji chetu, na yeye aliniomba kwa jina.

"Skola mwanangu, uko peke yako?"

"Niko na Gaitani."

"Basi mpe Gaitani simu."

Nikampa. Nilimtazama akisikiliza. Vipande vya ganda la yai vilikuwa bado vimemganda kwenye vidole.

*

Watu elfu nne na mia mbili wa nyanda hizi wana karani kifuani. Ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, huwekwa kwa wale ambao homa iliwaharibu moyo. Jina lake la hospitali ni refu. Watu walikiita karani kwa sababu kazi yake ni kuandika na kuuliza. Kila baada ya sekunde mbili huuandikia Ukumbi habari za mwenye moyo: anatembea, anapanda mlima, amelala, amekasirika. Kisha huuliza apige vipi, na Ukumbi hujibu.

Huko mijini wapo makarani wenye akili zao wenyewe, kwa wanaoweza kuwanunua. Wetu wanajua kuuliza tu. Karani asipojibiwa huendelea na jibu la mwisho kwa sekunde arobaini, halafu hushuka kwenye mapigo ya chini kabisa, mapigo ya mtu aliyekaa. Kama umekaa, utasikia kizunguzungu. Kama unachimba, moyo haufikishi damu inakotakiwa, na unaanguka.

Kazi yangu ni kujaribu mfumo endeshi wa seva za Ukumbi kabla toleo jipya halijawekwa. Huo ndio mfumo ulio chini ya programu zote, unaoamua nani ahudumiwe kwanza na nani asubiri. Sikusoma chuo kikuu. Nina kidato cha nne na miezi tisa ya mafunzo ya hapahapa. Kazi yenyewe inataka uvumilivu kuliko akili. Unabadilisha namba moja, unawasha, unaibebesha mashine mzigo, unaiangusha kwa makusudi, unahesabu imechukua muda gani kuinuka, unaandika. Kesho unabadilisha namba nyingine.

Majaribio tunayafanyia kwenye seva ya pembeni inayoitwa Nyumbani. Jina hilo lina sababu. Miaka kumi na mbili iliyopita toleo bovu liliua watu, na kwenye mkutano wa hadhara wananchi walisema: nyie mnaojaribu, watu wenu watangulie. Ikawa sheria. Hakuna toleo linaloingia seva kuu kabla halijakaa Nyumbani siku thelathini, na kila mpimaji lazima awe na ndugu mmoja ambaye karani wake anajibiwa na Nyumbani. Huyo anaitwa mtangulizi. Asiye na ndugu mwenye karani hapati kazi yetu. Watu walituheshimu kwa hilo. Nikifika sokoni nilikuwa napishwa.

Mtangulizi wangu alikuwa Yusta, mdogo wangu, kwa miaka sita.

Siku ya kuangusha ilikuwa Jumatano ya pili ya kila mwezi, saa tano asubuhi. Tulichomoa diski, tulikata umeme, tuliijaza mashine mpaka ikakwama, tukaona kama itainuka ndani ya sekunde arobaini. Na saa nne na nusu, kabla ya yote hayo, wapimaji sita tulitoka uani na simu zetu. Sijui nani alianzisha. Nilipoajiriwa niliwakuta wanafanya. Tulisimama kando ya ukuta, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na sauti sita zikasema maneno yaleyale.

"Kaa chini kidogo."

Yusta alikuwa na sauti nzito kiasi kwamba kwaya ya kigango ilimpanga na wanaume. Alijibu kwa sauti hiyo, pole pole, kama mzee.

"Ni Jumatano tena? Nimeshakaa, dada. Nimekaa tangu jana nakusubiri."

"Usinitanie. Uko wapi?"

"Kwenye kigoda. Nina chai, nina kiazi. Nikikaa vizuri zaidi ya hapa mtanizika."

Siku moja, mwaka jana, alikuja kwangu kwenye nyumba za wafanyakazi, akakaa jikoni akila njegere mbichi kutoka kwenye bakuli nililotaka kupika.

"Dada, hivi Jumatano huwa mnapima nini?"

"Kama seva ikianguka itainuka kabla ya sekunde arobaini."

"Na isipoinuka?"

"Ndiyo maana tunakupigia."

"Kwa hiyo mimi nimekaa. Mke wa Gaitani amekaa. Yule baba mkwe wa mwenzenu Obedi, ambaye hata siku za kawaida hasimami, naye amekaa." Alitafuna kwanza. "Basi hampimi mioyo. Mnapima vigoda."

Nilicheka sana. Kesho yake nilimsimulia Gaitani, naye akacheka. Wiki nzima, kila tulipoingia kazini, tuliambiana twende tukapime vigoda.

*

Namba iliyomuua ni yangu.

Kila anachoandika karani kinaingia kwanza kwenye memori ya seva, kisha mfumo unakihamishia kwenye diski. Sisi tunaita kufagia. Unaweza kuuambia mfumo ufagie mapema na kidogo kidogo, rundo la maandishi likifika asilimia kumi ya memori. Au unaweza kuuacha mpaka rundo lifike arobaini, ufagie kwa mkupuo. Tangu Ukumbi ujengwe namba ilikuwa kumi. Kumi ni salama na ni polepole, kwa sababu mfumo unafagia muda wote huku watu wanasubiri majibu.

Niliweka arobaini. Majibu yalishuka kutoka milisekunde tisa hadi nne. Hapakuwa na aliyewahi kuona nne.

Ubaya wa arobaini niliujua, na kila mpimaji anaujua. Rundo likiwa kubwa na maandishi yakaendelea kumiminika, mfumo unamsimamisha kila mtu mpaka umalize kufagia. Kwa hiyo niliujaribu ubaya huo. Niliibebesha Nyumbani mioyo ya uongo elfu tano, mia nane zaidi ya watu wote tulio nao, kwa siku nne mfululizo. Kimya kirefu kuliko vyote kilikuwa cha sekunde sita. Niliridhika.

Mioyo ya uongo ni programu. Ilijifunza namna ya kuandika kutoka kwenye rekodi za mioyo ya kweli, na rekodi hizo zilichukuliwa Nyumbani, Jumatano ya pili, saa tano, kwa sababu huo ndio muda ambao vipimo vyetu vyote huwa vimewashwa. Moyo uliokaa huandika mistari mitatu. Moyo unaochimba huandika mistari mia mbili. Nilikuwa na mioyo elfu tano, na yote ilikuwa kwenye kigoda na kikombe cha chai.

Siku thelathini zilipita bila doa. Nilisaini, toleo likaingia seva kuu. Mzee Chaula, mkuu wetu, alinipa mkono mbele ya wenzangu na kusema kwamba chuo kikuu si lazima.

Yusta alikuja wiki hiyohiyo.

"Nitoe Nyumbani," alisema.

"Kwa nini?"

"Nina miaka ishirini na saba, dada. Wenzangu wananiita bibi. Juzi nimebeba ndoo ya viazi, simu yako ikaita, nikaiweka ndoo barabarani nikakaa juu yake kama kuku anaatamia. Watu wanapita wananisalimia shikamoo."

"Ni mara moja kwa mwezi, Yusta."

"Ni mara moja kwa mwezi wewe unakumbuka. Mimi nakumbuka kila siku." Kisha akauliza, bila utani, "Hilo toleo lako jipya ni zuri?"

"Ni zuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo."

"Basi niweke kwenye seva ya watu wote. Niwe kama watu."

Sheria inaruhusu. Mpimaji anaweza kumtoa mtangulizi wake baada ya toleo kupita, na anapewa siku arobaini kuleta mwingine. Nilimhamisha Jumatatu kwa mkono wangu. Jumamosi ya wiki iliyofuata kulikuwa na msaragambo wa mtaro wa maji katika kata tatu. Tangu saa tatu asubuhi zaidi ya mioyo elfu moja ilikuwa inachimba kwa pamoja, kwenye baridi, kwenye mteremko. Rundo lilifika arobaini saa nne na dakika kumi na mbili.

Walikufa tisa. Yusta hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kwenye orodha yuko wa sita, kwa sababu waliiandika kwa kufuata herufi za majina ya baba.

*

Siku ya nne baada ya mazishi Mzee Chaula aliniita ofisini. Alikuwa amenivutia kiti mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Pole tena, mwanangu."

"Nimeshapoa."

Alinisogezea karatasi mbili. Ilikuwa taarifa ya kumpa mkaguzi wa wizara, aliyetarajiwa Alhamisi. Niliisoma yote. Ilisema kulikuwa na ongezeko la mzigo lisilotarajiwa, na kwamba kiwango kimoja cha mfumo kimerekebishwa, na kwamba hali imetengemaa. Arobaini ilikuwa imerudi kumi.

"Jina langu silioni," nilisema.

"Namba haina jina. Toleo limepita siku thelathini kwa mujibu wa sheria. Hapo mtu hahukumiwi."

"Na simu?"

Mzee Chaula alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai.

"Simu zipi?"

"Zile za uani."

"Skola, kitabu gani cha Ukumbi kinataja simu za uani?"

"Hakuna."

"Basi usiandike kitabu kipya kwenye msiba." Alisema kwa upole, na nadhani alimaanisha upole. Mtangulizi wake alikuwa dada yake, mama wa watoto wanne. "Nenda nyumbani. Kula. Alhamisi ukiulizwa, jibu ulichoulizwa."

Gaitani alikuwa ananisubiri nje ya mlango. Tulitembea mpaka uani, pale penye ukuta.

"Utasema?" aliuliza.

"Sijui."

"Fabiola ana mimba ya miezi saba. Unajua?" Fabiola ni mkewe, na ndiye mtangulizi wake.

"Najua. Nilimletea kitambaa."

"Ukisema, watazuia simu. Watatuambia tuangushe mashine bila kumwambia mtu. Siku hiyo atakuwa wapi? Mtoni? Na ndoo kichwani?"

"Gaitani, ndiyo maana ya kutangulia. Waliposema watu wetu watangulie walidhani hivyo ndivyo ilivyo."

"Walidhani. Walishawahi kusimama hapa wao wakabonyeza kitufe cha kuangusha?" Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, uso kwenye ukuta, kama siku za simu. "Wewe wako ameshakufa. Sisi wetu wako hai."

Baadaye kidogo akasema, "Nisamehe."

"Umesema kweli."

"Nisamehe hivyohivyo."

Nilijua hesabu yake, maana ilikuwa yangu mpaka juzi. Nikinyamaza, sitaguswa. Nyumbani itaendelea kupitisha matoleo kwa sababu hakuna aliyesimama, na siku moja toleo jingine litawakuta watu elfu nne wamesimama. Nikisema, majaribio yatakuwa ya kweli. Majaribio yakiwa ya kweli maana yake ni kwamba toleo bovu litaua mtu, na nitajua jina lake, na nitakuwa nimekula kwake.

*

Mama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, anachambua maharage ya kuwapikia waliobaki kwenye matanga. Naye ana karani, miaka miwili sasa. Yuko seva kuu. Jumamosi ile kizunguzungu kilimkuta kwenye mkeka, akajilaza, kikapita. Alipoinuka ndipo walipokuja kumwambia.

Nilimweleza yote. Nilianza na kufagia, na kumi na arobaini, nikamwonyesha kwa maharage. Aliendelea kuchambua. Nilipofika kwenye simu aliacha kuchambua.

"Ulikuwa unampigia akae."

"Ndiyo, mama."

"Kila mwezi."

"Kila Jumatano ya pili."

"Alikuwa ananiambia dada kanisalimia. Nikasema huyu mtoto anampenda mdogo wake." Aliangalia maharage. "Mimi niko kwenye mashine kubwa. Nani alikuwa ananipigia?"

"Mashine kubwa hatuiangushi. Ndiyo maana tunaijaribu ndogo kwanza."

"Skola. Nimekuuliza nani alikuwa ananipigia mimi."

"Hakuna."

"Na mtoto wa Luvanda, aliyezikwa Jumatatu? Na yule mpishi?"

"Hakuna, mama."

Akarudi kwenye maharage. Nilisikia yakidondoka kwenye sufuria. Nilitaka anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Badala yake aliuliza mkaguzi anakuja lini, na nikisema kitatokea nini. Nikamwambia.

"Na wewe? Si wanataka mtu kwako?"

"Ndani ya siku arobaini. Nitaacha kazi. Nitasema, halafu nitaacha."

"Utasema, simu zizuiwe, wake za watu waanguke mitoni, na wewe urudi hapa kulima na mimi."

"Sina mtu mwingine, mama. Nimebaki na wewe tu."

"Basi mtu ni mimi."

"Hapana."

"Sikukuomba ruhusa. Umekula wali wa watu miaka yote, leo unataka kuwatoa wa wenzako na kumficha wa kwako." Alisukuma sufuria pembeni. "Utasema. Utabaki pale. Utaniweka kwenye hiyo ndogo. Na hunipigii. Ukinipigia Jumatano, hata kuniuliza nimeamkaje, sitapokea simu yako tena siku yoyote."

"Umenisamehe?"

"Nimekwambia nitakachofanya," alisema. "Hilo jingine sijalifikia."

*

Mkaguzi aliitwa Bi. Shekalaghe, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, aliyevaa makoti mawili kwa sababu hakuizoea baridi yetu. Alituita mmoja mmoja, kisha wote. Aliisoma taarifa ya Mzee Chaula kwa sauti, akauliza kama kuna wa kuongeza.

Nilinyoosha mkono kama shuleni.

Nilisema namba ilikuwa yangu. Nilieleza mioyo ya uongo ilijifunza wapi. Kisha nikaeleza simu. Mzee Chaula alikuwa anatazama dirishani.

"Mnaweza kuthibitisha?" Bi. Shekalaghe aliuliza.

"Chukua simu zetu. Tazama Jumatano ya pili ya mwezi wowote, saa nne na nusu."

Alizikusanya sita, akaziweka mezani, akatuomba tuzifungue moja moja. Alirudi nyuma mwaka mmoja, miwili, mitano. Hakuna aliyekuwa amewahi kukosa. Gaitani alikuwa hata na kengele ya kumkumbusha, nayo ilikuwa na jina: Fabi akae.

"Unaelewa unachoomba?" aliniuliza.

"Sijaomba kitu. Nimeeleza."

"Unaelewa nitakachoandika?"

"Ndiyo."

"Mtangulizi wako ni nani sasa?"

"Mama yangu. Fomu nimeijaza jana."

Aliandika kwa muda mrefu huku akikohoa. Obedi alikuwa ameweka uso kwenye viganja vyake. Tulipotoka, Gaitani alinipita kwenye korido bila kunigusa, kama unavyompita mtu mwenye sufuria ya moto.

Hakuna aliyefukuzwa. Mzee Chaula alistaafu mapema, na siku ya kumuaga sikualikwa. Gaitani aliomba zamu na wengine. Fabiola alijifungua salama, mtoto wa kike. Nilisikia kwa muuza maziwa.

Jaribio la kwanza bila simu lilifanyika mwezi wa sita, siku ya Ijumaa, saa nane mchana. Toleo lililokuwa linajaribiwa lilikuwa limepita vipimo vyote vya mioyo ya uongo, na safari hii mioyo ya uongo ilikuwa imejifunza upya. Seva ilikaa kimya sekunde hamsini na tatu. Mama alikuwa ghalani, amekaa, anafunga magunia. Baba mkwe wa Obedi, yule asiyependa kusimama, alikuwa amesimama. Alianguka kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga, na mpaka leo anabebwa.

Toleo lile lilikataliwa. Kwa utaratibu wa zamani, wa simu, lingeingia seva kuu baada ya siku thelathini. Kila mtu Ukumbini anajua hivyo, na hakuna aliyewahi kulisema mbele yangu. Obedi huniletea fomu zake za kusaini akaziweka pembeni ya meza na kuondoka. Sokoni bado wananipisha, lakini sasa ni kwa namna nyingine. Mama wa yule mtoto wa Luvanda pekee ndiye alinisimamisha, akanishika mkono, akauliza kama ni kweli mama yangu yuko kwenye ile ndogo. Nikasema ni kweli. Akasema, "Haya," akaachia mkono, akaendelea kupanga vitunguu vyake.

Nimeandika haya kwa sababu taarifa ya wizara ina kurasa themanini na jina la Yusta limo mara moja tu, wa sita. Haisemi kwamba aliimba na wanaume. Haisemi kwamba aliona kosa letu mwaka mzima kabla yetu, akiwa na njegere mdomoni, na kwamba aliyeambiwa alicheka.

Siku ya kuangusha sasa haijulikani. Mpimaji mmoja huichagua kwa zamu, siku yoyote kati ya tarehe moja na thelathini, saa yoyote ya mchana. Hamwambii mtu. Simu yake hukaa kwenye kabati la mlinzi, na haruhusiwi kutoka eneo la Ukumbi mpaka awe amebonyeza. Karani wa mama anajibiwa na Nyumbani. Anaamka saa kumi na mbili, analima shamba la juu mpaka saa sita, halafu anateremka na kuni. Mwezi huu zamu ni yangu.